Jina Limebaki Dukani

Jumatatu, saa mbili kasorobo, kiyoyozi hakijashika,
Bi Thuwaiba alikuja kuchukua mkasi wake.
Mkasi tu. Ule mzito, wa mpini mweusi,
ambao hakuna aliyethubutu kuukatia karatasi.
Mlinzi akampekua mkoba. Suleyum huyuhuyu
ambaye mkewe alishonewa nguo ya Idi bila senti,
akampekua, akaona haya, akamrudishia.
Nje, Shati al-Qurum, lami ilikuwa imeanza kunata.

Hatukuambiwa kitu. Dalili tuliziona.
Majora ya hariri yalikuja mawili,
likaja moja,
ikaja barua.
Mshahara wa Mfungo Mosi tuliupata Mfungo Tatu.
Ubani wa Dhofari ukaondoka chetezoni,
tukapuliziwa marashi ya kopo
yanayonuka kama teksi mpya.

Wakaja vijana wawili kutoka Dubai,
wakapima kila kitu isipokuwa nguo.
Taraza hii, siku ngapi?
Kumi na moja, akasema.
Na kwa mashine?
Dakika arobaini.
Wakatazamana kama watu waliookota pochi njiani.

Miaka kumi na tisa nimemkatia.
Nilitoka Wete najua kanzu na suruali za skuli,
yeye akanifundisha kitambaa kinavyopumua,
wapi ukikaze, wapi ukiache kianguke chenyewe.
Amezaliwa Ruwi, lakini Kiswahili chake cha bibi yake,
kimetunzwa sandukuni na karafuu.
Akiumwa hasemi naumwa. Husema, siwezi.

Ijumaa usiku alinipigia simu.
"Mselem, siwezi."
Nikampa pole. Nikamtajia tangawizi, nikamtajia daktari wa Al Khuwair.
Akanyamaza kidogo.
"Si hivyo," akasema. "Siwezi."
Neno lilelile, na miaka yote hiyo
sikujua lina mlango wa pili.

Mkasi wake. Jina si lake.
Mkataba unasema jina ni mali ya nyumba:
lililo juu ya kioo, lililo kwenye mifuko na risiti,
Thuwaiba, kwa maandishi yaliyolala kama manyoya.
Kesho akifungua kibanda cha vifungo
hana ruhusa ya kuliandika mlangoni.
Jina alilopewa siku ya saba, mbuzi kachinjwa,
aliliweka sahihi akiwa na miaka thelathini na moja,
ana haraka, na kalamu waliyompa ilikuwa nzuri.

Leo limeletwa sanduku. Lebo mia nne.
Thuwaiba, Thuwaiba, Thuwaiba,
dhahabu ya uongo inayowasha vidole.
Na majoho mia nne yametoka kontenani,
ukiyakunjua yanalia kama mfuko wa mkate.
Meneja kasema, shona.

Nimeshona.
Nina wawili chuoni, na nauli ya Pemba haijali huzuni ya mtu.
Sikuvunja sindano, sikupiga meza.
Lebo moja, nyingine, chai, nyingine.

Ila kuna jambo halimo kwenye mkataba.
Kila nguo aliyoibuni, tangu ya kwanza kabisa,
ina mshono mmoja mwekundu
ndani ya mkono wa kushoto,
pale unapobonyeza kutafuta mapigo.
Hakuuandika popote, hakuueleza.
Tuliujua watatu, naye Bi Zuweina mtarizi
ameshatangulia.
Mabibi harusi wangapi wameuvaa bila habari,
umelala juu ya mshipa, umejua hofu yao yote.

Haya mia nne hayana.
Yaning'inie dirishani, taa ziyapambe,
bei iwe ileile, tena iongezwe.
Atakayetaka kujua, apindue mkono.

Saa kumi na moja nimefunga cherehani,
nimetia mfukoni kibiringo cha uzi mwekundu,
kimebaki robo.
Suleyum alikuwa mlangoni.
Aliutazama mfuko wangu,
akatazama barabara,
akaniuliza tu kama Wete kumenyesha.