Mbaazi wa Basavva

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua,
na hapa Kalaburagi jua limeshazoea lawama.
Lakini kilichoua mbaazi wa Basavva
ni kuvu, chini kwa chini, mizizini.

Ndipo Shivleela, glavu mbili kila mkono,
feni ya maabara ikikohoa,
akalowesha mbegu mia tano katika kemikali,
saa sita kamili,
akazisuuza hadi vidole vikafa ganzi, akazipanda.
Sumu itagusa herufi ipi? Hakujua.
Ni kama kumpa mtoto kalamu
na daftari la ukoo.

Mia tatu hazikuota.
Nyingine zilichomoza nyeupe kama karatasi,
zikafa kabla ya Ijumaa.
Mmoja ulitoa majani, majani, majani tu.

Msimu wa pili, mstari wa kumi na saba,
mibaazi yote imenyauka ikiwa wima,
isipokuwa mmoja,
mfupi, mbishi,
maganda yameujaa hadi kiunoni.

Shivleela hakupiga kelele.
Alifunga uzi mwekundu shinani,
akafuta jasho, akahesabu tena maganda,
kisha akampigia Basavva:
"Mama, yule ng'ombe,
usimuuze kwanza."