Ndoo na Chaki

Hancock, Michigan, 1993

Alikuwa Niemela, mkononi ana chaki,
hasemi hujambo, wala mzaha wetu hacheki,
ni fomula kwa fomula, na mkono hauchoki,
kunakili, si kulala, nje theluji haitoki.

Uthibitisho ni ngazi, ruka moja uanguke,
maswali ni ya wajuzi, wewe kwanza ukumbuke,
mazoezi, mazoezi, hadi vidole vichoke,
nusu walipiga mbizi, Novemba wasiibuke.

Januari tukahamishiwa chumba cha chini
kwa Lorna Beaudry, aliyezigeuza meza
zikatazamana kama watu wanaodaiana.
Ndoo. Tundu kwenye kitako chake.
Saa ya mwamuzi wa mbio.
"Maji yanaondoka," akasema. "Kwa kasi gani?
Na mbona kasi yenyewe inapungua?"
Kisha akanyamaza,
kimya kirefu ambacho Niemela
angekijaza milinganyo sita.

Wendell akasema. Aili akambishia.
Na mimi, ambaye tangu Septemba
sauti yangu darasani ilikuwa kikohozi tu,
nikasema: baba anaendesha greda la theluji,
anajua paa la nani litaporomoka usiku,
si kwa kina cha theluji
bali kwa jinsi kina kinavyokimbia.

Lorna akaniangalia.
"Hicho," akasema,
"ndicho ulichokuwa ukinakili."

Ungedhani niliokoka.
Aprili, katikati ya mtihani,
kikokotoo kilizima, betri imekufa kwa baridi,
nikabaki na hadithi tamu ya ndoo
na vidole visivyoijua njia.
Pembeni yangu msichana wa Niemela
alikuwa anashuka ngazi gizani
bila kupapasa.

Kikao cha walimu, mlango haukufungwa.
Mzee: "Unawafunza kuogelea
kwa kuwasimulia maji."
Lorna: "Na wewe umesimama ufukweni
unahesabu vichwa vinavyozama."
Halafu viti, vikiburutwa.

Mwezi Mei nilirudi chumba cha chini
kuchukua skafu niliyoisahau.
Nikamkuta Niemela, peke yake, koti halijavuliwa,
ameinamia ndoo ikivuja,
saa mkononi, midomo inahesabu.
Hakuniona.
Ilipokauka, akaijaza tena.

Leo ninafunza mimi, ndoo ninayo na chaki,
siku nyingine sisemi, hubishana, hawachoki,
na kila Novemba nami huhesabu wasobaki.

Mstari wa nne bado unavuja.