Hesabu ya Januari, Kikondo

Alfajiri. Ukungu bado umelala juu ya matuta ya viazi
kama ng'ombe asiyetaka kuamka,
na sisi kumi na saba tumesimama ukingoni mwa uwanda
na darubini moja.
Moja. Inapita mkono kwa mkono
kama kata ya togwa kwenye kazi ya ujima,
kila mtu na funda lake la mbingu.

Wamekimbia baridi, anasema mwalimu Nzunda.
Kwao theluji imefunika panya, imefunika panzi,
ndipo wakavuka jangwa, wakashika Bonde la Ufa
wakilifuata kama barabara.
Tukacheka mpaka mama Sekela akapaliwa:
wamekimbia baridi, wakaja Kikondo!
Kikondo, ambako blanketi tatu ni utani,
ambako mwezi wa saba maji ya kuku hugeuka kioo.
Mgeni ni kipofu, japo ana macho.
Na macho gani!

Mimi nilikuja na kinyongo, sitaficha.
Vifaranga sita wa tetea wangu mwekundu
walinyanyuliwa mmoja mmoja, mchana kweupe,
nikabaki uani nagonga sufuria kwa mwiko
nikilitukana anga.
Nikamuuliza Nzunda: mwizi naye tunamhesabu?
Akanyoosha kidole kwenye mwamba:
yule wako ni mwenyeji, mkia rangi ya tofali la kuchoma,
amezaliwa pale, anakujua mpaka jina.
Usiwabebeshe wageni deni la jirani.

Wa kwanza hakutoka juu tulikokodolea.
Alitoka chini, kijivu, mwepesi,
akilalia upepo upande huu, upande ule,
karibu aguse nyasi,
kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha.
Gwakisa akachora kijiti.
Mwaka jana mtoto huyu alikuja na manati;
mwaka huu ndiye mwenye daftari,
vijiti vinne, cha tano anakilaza.

Kisha jua likatoboa, na ardhi, iliyonyeshewa usiku kucha,
ikaanza kutoa kumbikumbi kama moshi.
Wakaja kozi wadogo. Kundi, na kundi jingine,
Gwakisa akapotea hesabu, akaanza upya, akalia kidogo.
Walidaka kwa mguu, wakala palepale hewani
kama watu walao karanga njiani.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa jembe wamekuja nalo, limefungwa miguuni.
Mzee Tweve, ambaye panya walimmalizia gunia tatu za mbegu,
hakusema neno.
Alivua kofia.

Saa nne, tai.
Mkubwa, rangi ya udongo, mabawa kama milango miwili ya ghala.
Akazunguka mara mbili, tukanyamaza,
akashuka shambani kwa Tweve, lililolimwa jana,
na akatembea.
Hakuna aliyejiandaa kwa hilo.
Alitembea kama bwana shamba mwenye buti mpya,
akiogopa matope, akiinama, akidonoa.
Tai mzima, aliyepita juu ya bahari na vita vya watu,
anaokota kumbikumbi
kama tetea wangu.
Darubini ilikuwa kwangu. Walinivuta kanzu, sikuitoa.
Kinyongo kikanitoka
kidogo. Si chote.

Saa sita tukajumlisha, juu ya viazi vya kuchoma na chumvi:
mia mbili na kumi na wawili,
na mmoja tuliyemgombania,
aliyepita mbali sana, juu ya mashamba ya pareto,
nukta tu, pumzi tu.
Nzunda anasema kunguru.
Andika, nikamwambia Gwakisa, mimi nimemwona.
Gwakisa akamtazama mwalimu, akanitazama mimi,
akalamba ncha ya penseli,
akachora kijiti nusu.