Swali la Kumi na Saba

Fomu ilitoka mjini Dodoma, kwenye kilima cha chuo,
imepigwa chapa safi, visanduku vitatu kwa kila swali.
Kazi yangu kutafsiri: elfu ishirini kwa siku, na soda.

Mundemu, saa nne, jua limeshakaa begani.
Mtafiti akasoma, nami nikageuza kwa Kigogo:
"Je, una wajibu wowote
kwa watu ambao hawajazaliwa?"

Madeje alikuwa akipepeta uwele. Hakuinua uso.
"Mwulize, kama hawajazaliwa,
yeye kawajuaje?"

Mtafiti akacheka, akaandika. Sijui aliandika nini.

Mama akainama, akaingia ndani ya tembe,
akatoka na kibuyu cheusi kwa moshi,
mdomo umezibwa kwa samadi ya ng'ombe.
Akakilaza miguuni petu, kichwa kwanza,
jinsi anavyolazwa kichanga.
"Mtama," akasema. "Na majivu, fukusi wasiingie.

Mwaka ule Nghambi alikuwa wa kunyonya, ziwa limekauka.
Kibuyu kilining'inia palepale, juu ya mafiga.
Baba yake akasema tukipasue.
Nikakikalia.
Siku tatu nilikikalia.
Ya nne nikainuka, nikachukua jembe, nikaenda kuchimba,
na shimo lenyewe dogo, halikumaliza asubuhi.
Halafu mvua ikaja."

Nilitafsiri hadi "siku tatu".
Zilizobaki zikanikwama kooni kama kumvi.

Kalamu ilikuwa inangoja juu ya visanduku:
Ndiyo. Hapana. Sijui.

Bibi yangu aliazima mbegu nyumba hii.
Nimesimuliwa tangu utotoni: vibaba viwili,
vikarudishwa vitatu baada ya mavuno.
Kwa hiyo nilikuwamo, mimi na soda yangu,
ndani ya kibuyu kile, chini ya mama yule,
nikisikia mtoto analia
na nyamaza yake.

"Nghambi!" Madeje akaita. "Lete maji, wageni wanywe."
Akaja binti wa miaka tisa hivi, mjukuu,
mikono ina mchanga wa mtoni hadi kwenye viwiko.

Nikamwambia mtafiti: weka Ndiyo.
Akaweka.

"Umemwambia nini?" mama akauliza,
na kabla sijajibu:
"Basi mwulize na hili.
Yule aliyekuwa amekwisha kuzaliwa,
wajibu wake alikuwa nao nani?"

Sikulitafsiri. Halimo kwenye fomu.
Tukaenda la kumi na nane,
linahusu vyoo.