Kucha Kumi na Tatu

Tulianza watatu na hita moja ya umeme
chini ya kiwanda cha pamba kilichokufa, Tampere,
mahali mto ulipokuwa ukinguruma nyuma ya ukuta
kama mtu anayekoroma chumba cha pili.
Ilmo alikuwa na simu. Aune alikuwa na hesabu.
Mimi nilikuwa na kerezo la mtumba
lenye jino moja lililovunjika, siri yangu na lenyewe.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Raili Hakkola,
mfua nguo wa hospitali, magoti yamechoka,
wazo lake amelikunja kwenye karatasi ya mkate:
fimbo yenye ukucha unaochomoza penye barafu
na kurudi ndani penye sakafu, usije ukachana zulia la watu.
"Nimeanguka mara mbili mwezi huu," alisema.
"Ya tatu siitaki."

Hatukumuuliza soko. Hatukumuuliza hataza.
Tulimuuliza: unaangukia upande gani?

Ukucha wa kwanza ulichomoza ukakataa kurudi.
Wa pili ulirudi ukakataa kutoka, kama konokono aliyetishwa.
Wa tano uliniuma kidole; kovu ninalo, huwaonyesha wageni.
Wa tisa, Aune alifunga daftari akasema pesa zimekwisha,
akalifungua tena, akaandika deni kwa penseli,
maana penseli hufutika.
Wa kumi na nne ulilia tki, ukatoka, tki, ukarudi,
na Raili akavuka uwanja wa barafu mbele yetu
bila kumshika mtu,
akafika ng'ambo, akageuka, akasahau kutabasamu.

Baada ya hapo watu walikuja kama waendao msibani,
yaani bila kualikwa.
Mwalimu na mfuniko unaokohoa kabla maziwa hayajafurika.
Dereva wa basi na glavu ya kuhesabia sarafu bila kuivua.
Mtoto wa miaka tisa na mtego wa soksi zinazopotea
(huo tuliujaribu mwezi mzima; soksi zilishinda).
Tukapata ghorofa ya kwanza. Tukapata ya pili na ya tatu.
Tukapata mashine inayochapa plastiki usiku kucha peke yake,
ukija asubuhi unakuta kitu kimezaliwa, bado kina joto.
Tukapata wanasheria, nao wakapata kahawa yao wenyewe.
Jina letu likapandishwa kwenye bomba la moshi kwa herufi za taa,
na siku nilipoliona kwa mara ya kwanza kutoka dirishani mwa basi
nilijivuna, nisiseme uongo,
nilimgusa bega abiria nisiyemjua.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Sisi hatukutia maji. Tulitia fomu.

Mwaka wa kumi na tisa, mwezi wa pili, nilishuka kuchukua kifurushi
nikamkuta Raili kwenye viti vya mapokezi,
fimbo mapajani, theluji ikiyeyuka viatuni,
na kijana mpole, mpole kwelikweli, akimwelekeza
aeleze tatizo lake kwa maneno mia moja.
Alikuwa ameandika manne:
Sasa mikono haishiki vizuri.
"Yamebaki tisini na sita, mama," kijana akamwambia.

Simlaumu. Fomu ile niliipigia kura mwenyewe,
nikainua mkono huu huu wenye kovu.

Nilimshika Raili kiwiko, tukashuka ngazi pole pole
hadi chini kabisa, wanakotupa viti vibovu.
Nikavuta turubai. Kerezo lilikuwepo, na pengo lake vilevile.
Kando yake sanduku: kucha kumi na tatu zenye kutu,
kila ukucha na tarehe yake kwa mwandiko wa Aune, penseli.
Raili akaziinua mmoja mmoja. Zilizomponyoka niliziokota.
Nyuma ya ukuta mto ulikuwa bado unakoroma.

"Inakuponyoka upande gani?" nikamuuliza.

Alifikiri.
Akainua mkono wa kushoto, ukitetemeka kidogo.
Nikaanza kutafuta miwani yangu.