Tulipaita Mgongo

Miaka mitatu Eleuterio Nahuelquín alisema mgongo,
nami nikaandika mgongo, kwa wino wa buluu,
kwa sababu mtu mzima, dereva wa lori la kondoo,
baba wa mabinti wanne, hatamki tako
mbele ya mwanamke aliyevaa koti jeupe.

Upepo wa Punta Arenas haubishi hodi.
Ulimsukuma mlangoni, akaingia upande upande,
kofia mkononi, akikikwepa kiti
kama mtu anayekwepa anayemdai.
"Nitasimama tu, daktari. Nimezoea."

Picha zake alizibeba ndani ya mfuko wa unga:
uti wa mgongo, pingili kwa pingili,
na baina ya ya nne na ya tano
gegedu limevimba kidogo, mdomo wa mtoto aliyenuna.
Tuliipenda picha ile. Ilikuwa na jibu.
Barua kutoka Santiago ilisema: kisu, labda.
Nikampa vidonge vyeupe, kisha vya manjano,
kisha mkanda wa kiunoni unaonuka mpira,
na moto ukaendelea kumshuka
paja, nyuma ya goti, hadi ukingo wa unyayo,
kila alipokaa zaidi ya robo saa.

Alipokaa. Neno lilikuwa hapo muda wote.

Siku ile umeme ulikatika.
Picha zikawa karatasi nyeusi tu; nikabaki na mikono.
Nikamlaza chali, nikauinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka,
juu, juu zaidi. Kimya.
Gegedu lingekuwa na hatia lingepiga kelele hapo.
Nikalikunja goti, nikalivusha kuelekea bega la kushoto,
nikalizungusha paja kwa ndani:
akamtaja mtakatifu nisiyemjua.

"Geuka. Nionyeshe panapouma.
Si kwa neno. Kwa kidole."
Kidole kikasita juu ya mkanda wa suruali,
kikashuka, kikaona haya, kikashuka tena.
Nikaweka dole gumba pale pale, nikabonyeza.
Moto ukateremka hadi unyayoni
kwa njia ile ile, kama kondoo wanaojua zizi lao.

Ndani kabisa ya tako kuna msuli mdogo, umbo la pea,
na chini yake hupita neva nene kama kidole cha mwisho.
Saa kumi kwa siku, miaka ishirini na sita,
mguu kwenye mafuta, goti limetazama nje,
mwili umeinama kushindana na upepo wa magharibi:
msuli ukajifunza kufumba
ukasahau kufumbua.

"Kwa hiyo si mgongo?"
"Si mgongo."
"Kumbe ni..." Akatazama dirisha.
"Ndiyo, don Eleuterio. Ni tako."
Akacheka, na kucheka kukamuuma.

Sindano ilikuwa moja, Jumanne, dakika chache.
Yaliyobaki yalikuwa ya kuchosha:
kulala sakafuni jioni, kifundo juu ya goti jingine,
kulivuta paja kifuani na kuhesabu hadi thelathini,
mabinti wakimhesabia na kuruka namba makusudi;
kulisimamisha lori kila saa, kushuka,
kulizunguka mara tatu huku kondoo wakimshangaa.
Wiki ya tano moto ulirudi siku mbili.
Alinipigia simu usiku kunilaumu. Nikalaumika.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ni kweli.
Lakini mwenye kitanda naye huficha kunguni,
na tabibu huona haya kufunua shuka.

Nimelifungua faili lake: mgongo, mgongo, mara kumi na moja.
Sikufuta. Pembeni niliandika neno lile la herufi nne
kwa mwandiko mdogo kuliko nilivyokusudia.

Novemba alikuja bila miadi, na paja la kondoo kwenye gazeti.
Nikamkaribisha kiti.
Akakitazama kidogo,
akakaa; upande wa kushoto kwanza.