Kuhesabu Kupe, Isevya

Deni alikuja badala ya deni.
Mzee Sizya wa Sikonge alikopa magunia mawili ya mahindi,
akalipa gunia moja na mtoto wa mbwa
ndani ya kikapu, masikio yamemzidi kichwa.
Nikamwita Deni nisije nikasahau kudai.
Nikasahau kudai.

Masika yale kupe walimjaa
kama kunde zilizoiva, shingoni, makwapani,
hadi katikati ya vidole.
Nikaenda sokoni kwa Nkwabi:
nipe kitu kikali.
Akanipimia dawa ya kuogeshea ng'ombe
katika chupa ya soda isiyo na jina.
Kifuniko kimoja, alisema.
Nikatia viwili.
Mimi ni mtu wa kuhakikisha.

Usiku kitanda kikatikisika.
Nikadhani treni ya Kigoma inapita.
Saa ile hakuna treni.
Ni Deni uvunguni, anatetemeka, mate yanamchuruzika,
macho yananitazama bila lawama,
na hilo ndilo lililonikata.

Bwana mifugo Luhende alikuja na baiskeli isiyo na taa.
Akamwosha kwa sabuni ya kipande na ndoo nne,
akamchoma sindano, akangoja alfajiri pamoja nasi.
Hakunigombeza.
Alisimama mbele ya rafu yangu akasoma
kama mwalimu anayeita majina:
ya mende. Ya panya. Ya mbu.
Ya kunukisha choo.
Ya kuua harufu ya ile ya kunukisha choo.
Kisha akauliza, taratibu tu,
"Mama Kalunde, humu ndani anayetakiwa kuishi ni nani?"

Siku hizi nyumba yangu inanuka nyumba.
Sakafu inapata maji, limau, na mgongo wangu.
Viti vya mninga navisugua kwa nta ya nyuki,
bonge la manjano analoniletea Sizya kila mavuno ya asali
(bado analipa, kidogo kidogo, tumenyamaziana).
Mkeka wa Deni naulaza uani saa sita,
chini ya jua la Tabora, jua lisilo na bei wala huruma,
viroboto wanajua wenyewe pa kwenda.
Panya nimemwachia Mwenyekiti,
paka wa jirani aliyehamia kwangu bila barua.
Hulala vikao vyote,
lakini asubuhi mlangoni naukuta mkia mmoja,
risiti.
Hata bundi amerudi kwenye paa la godauni.
Majirani wanasema ni uchuro.
Mimi nasema ni mkaguzi wa hesabu.

Ila msinisifu haraka.
Binamu yangu Nyanzala alitoka Urambo na fungu la tumbaku:
"Mtandikie mbwa alalie. Hii ni asili, majani matupu!"
Nikamwuliza, majani gani haya
ambayo mbuzi hayagusi,
na wewe mwenyewe ukiyachuma na umande
unashinda ukitapika?
Akacheka. Akayarudisha begani.
Asili nayo ina meno;
anayeijua hufungua macho kabla ya kufungua mkono.
Ndiyo maana Luhende bado anakuja,
na tone lake lililopimwa kwa uzito wa mbwa,
si kwa uzito wa hasira yangu.

Kati ya tone na tone, kuna vidole.
Jioni nakaa kizingitini na bakuli la maji ya sabuni.
Deni ananilalia mapajani, mzito kama gunia lile la pili.
Nafunua manyoya, natafuta, nachomoa.
Kuku wawili wamesimama karibu kama wageni wa harusi
wakiomba mmoja aanguke.
Vijana wakipita wanacheka:
Mama Kalunde anamsuka mbwa!
Namsuka, ndiyo. Piteni.

Jana kumi na saba.
Leo wapo tisa, na mmoja sina hakika, huenda ni chunjua.
Nani anamdai nani, nimeshapoteza daftari.
Haya, Deni,
geuza sikio la pili.